Siku sita nikimtafuta bata wa mayungiyungi

Siku ya kwanza, Jumamosi: Saanane

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Januari harusi za Mwanza hupungua, wazazi wanahangaika na ada, na simu yangu hulia kwa mambo mawili tu: mtu anayeuliza albamu yake iko wapi, na mtu anayeahidi kumalizia deni mwisho wa mwezi. Hiyo ndiyo likizo yangu. Mwaka huu niliamua kuitumia kumtafuta bata.

Si bata yeyote. Novemba nilipiga picha za maharusi ufukweni Luchelele, na usiku nikiwa nazisafisha kwenye kompyuta nikaona kitu cha rangi ya kutu nyuma ya bega la bwana harusi, katikati ya mayungiyungi. Nikaivuta picha. Bata. Mdogo kama njiwa, uso mweupe, doa la kijani pembeni mwa kichwa, mdomo wa manjano kama punje ya hindi. Alikuwa ametoka ukungu mtupu, kwa sababu fokasi ilikuwa kwenye macho ya bibi harusi, mahali inapotakiwa kuwa. Nikakaa naye mpaka saa nane usiku, kazi ya watu imesimama.

Baadaye nikajua kwamba ndiye mdogo kuliko bata wote wa Afrika. Hafiki hata gramu 300. Wataalamu wanamwita Nettapus auritus, na hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake mwenye masikio, kwa ajili ya madoa ya kijani ya dume. Mimi namwita bata wa mayungiyungi, maana humo ndimo anamoishi, na mbegu za mayungiyungi ndizo chakula chake kikubwa. Desemba nilirudi Luchelele mara tatu nikaambulia watoto wanaoogelea.

Safari hii nikaanzia Saanane kwa sababu ndiyo hifadhi iliyo mlangoni. Unapanda boti Capri Point, na kabla hujamaliza soda umefika. Kisiwa kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ndogo kuliko zote nchini. Nilikuwa nimebeba lenzi ya milimita 150 hadi 600, ya kuazima kwa rafiki anayepiga picha za mpira, ina uzito wa kama kilo mbili, na jamaa alinikabidhi kama anavyokabidhiwa mtu mtoto mchanga.

Tulisubiri abiria wenzetu, tukaondoka saa tatu na nusu. Mwezi huu jua la Mwanza linachomoza kama saa moja kasorobo, kwa hiyo saa tatu na nusu mwanga mzuri ulikuwa umeshaondoka na kuniachia ule mweupe unaochoma mawe. Na Saanane ni mawe. Pimbi wameanikwa juu yake, mijusi vichwa vyekundu inapiga pushapu, mnandi wamekaa na mabawa wazi kama nguo kwenye kamba.

Bata nilipata wawili: bata bukini, dume na jike, juu ya jabali linaloingia majini. Ndio wale wakubwa wa rangi ya mchanga, wenye duara la kahawia iliyokoza kuzunguka macho utadhani wamevaa miwani. Wamisri wa kale waliwachora kwenye kuta za makaburi, na nikiwatazama vile walivyosimama kwa kujionyesha naelewa kwa nini. Kuwatenganisha kwa macho ni kazi, kwa masikio ni rahisi: jike anapayuka, dume anafoka kwa pumzi kama tairi linalovuja. Nilipiga picha zaidi ya mia mbili. Mara mbili nilijikuta nimenyoosha mkono kuwaelekeza wasogee kushoto kidogo. Ni mazoea ya kazi.

Nilimwonyesha askari wa hifadhi ile picha yangu ya ukungu. Akaitazama, akacheka. "Huyu? Huku kwetu ni mawe, kaka. Huyu anataka maji yaliyotulia, yenye mayungiyungi. Nenda upande wa Magu, kwenye midomo ya mito na majaruba ya mpunga."

Wakati wa kurudi niliwaza kwamba nilikuwa nimeanza vibaya, kama mgeni anayedhani ndege wanasoma mabango. Tanzania ina ardhioevu nne kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, Natron, Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Ufukwe wetu wa Ziwa Victoria haumo, na bata wapo.

Siku ya pili, Jumapili: Nyamhongolo mpaka Magu

Stendi ya Nyamhongolo, Noah, watu wanne kwenye siti ya watatu, lenzi mapajani. Magu ni kama kilomita 60. Dada yangu ameolewa huko, nje kidogo ya mji, upande wa kushukia ziwani. Nilimkuta shemeji anatia jembe mpini. Salamu, habari za nyumbani, habari za mama, habari za barabara, na ndipo akauliza kwa upole wa mtu asiyetaka kukuaibisha: "Kwa hiyo shem, umekuja kwa ajili ya bata. Hakuna msiba wala nini?"

Jioni, jua likiwa limeshazama, tukiwa uani tunakula ugali na sato, nikasikia mluzi juu ya paa. Sauti tatu, nyembamba, ya mwisho inashuka. Halafu nyingine, halafu anga zima. Bata wapiga mluzi, makundi kwa makundi, wakitoka ziwani kwenda bara. Niliacha tonge mkononi.

"Hao wanakwenda kwangu," shemeji akasema. Hakuwa na furaha.

Siku ya tatu, Jumatatu: majaruba

Saa kumi na moja alfajiri nimeshavaa mabuti. Dada yuko jikoni, ananiuliza kama yale maharage ya kwenye mfuko wa kitenge ni ya kupika leo au kesho. Niliruka. Yale ni maharage ya kazi: kilo mbili ndani ya mfuko ulioshonwa, unaulaza juu ya tuta au ukingo wa mtumbwi, lenzi inalala humo haitikisiki. Stendi ya miguu mitatu kwenye tope haikusaidii, kila mguu unazama kwa wakati wake.

"Kwa hiyo wewe unapigia picha maharage," dada akasema, "na sisi tunakula mchicha."

Majaruba ya shemeji yako matano, yanafuatana kushuka mpaka kwenye matete, na baada ya matete ni maji ya ghuba. Manne yalikuwa yamepandikizwa wiki iliyopita, miche imesimama kwenye maji ya kina cha kidole, kijani kibichi. La tano, la chini kabisa, lilikuwa nusu. Juu ya yote, kutoka mti hadi mti, alikuwa amefunga utepe wa kaseti. Ndiyo, kaseti zile za zamani za muziki. Anazifumua, anaukaza utepe, na upepo ukiupiga unavuma kwa sauti inayowakera ndege. Mchana utepe unasaidiwa na watoto na makopo yao.

Nilitembea juu ya tuta nimenyooka, kamera kifuani, kama afisa kilimo. Mita mia mbili mbele yangu bata wote waliinuka kwa mpigo. Nikasubiri. Wakazunguka mara mbili wakipiga mluzi, wakatua jaruba la jirani. Nikawafuata. Wakainuka tena. Nilirudia upuuzi huo mpaka saa mbili na nusu.

Kilichonifungua macho ni wanawake waliokuwa wanapandikiza kwa jirani. Walikuwa sita, wameinama, wanaongea na kucheka kwa sauti, na hatua thelathini kutoka kwao bata wamesimama wanajichokonoa manyoya bila wasiwasi wowote. Nilimwonyesha shemeji. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yana unyevu. "Anayeinama ana kazi yake. Anayesimama anatafuta kitu. Hata mimi ukija shambani kwangu umesimama hivyo nitakuogopa." Akavua shati lake la shamba, akanipa. "Vaa. Chukua fungu la miche. Uiname kweli, usiigize."

Nikapandikiza mpunga. Mche, hatua, mche, hatua, kamera ndani ya mfuko wa plastiki kifuani, mgongo unalia. Baada ya kama saa moja nilikuwa nimemaliza mistari minne iliyopinda, nimenyofoa ruba mmoja juu ya buti, na bata wa kwanza alikuwa umbali wa chumba na sebule. Nikaulaza mfuko wa maharage juu ya tuta taratibu, nikapiga magoti majini.

Niwaeleze walivyo kwa karibu. Uso mweupe kabisa, kama umepakwa unga, umekatwa kwa mstari mkali na kisogo cheusi. Kifua cha rangi ya chestinati, au tuseme rangi ya udongo wa chungu uliochomwa vizuri. Ubavuni michirizi myembamba ya nyeusi na nyeupe. Wanasimama wima kuliko bata wa nyumbani, shingo ndefu, na huwa wawiliwawili: mmoja anamsafisha mwenzake shingoni, polepole, huyu amefumba macho, kisha wanabadilishana. Kwa bata hawa baba na mama wote huatamia, kwa zamu. Wanaishi pia Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari nzima, sura ileile.

Mpiga picha asiyezoea angehangaika na uso mweupe juu ya shingo nyeusi, kwa sababu kamera inachanganyikiwa, ikitaka kuuokoa weusi inaunguza weupe. Lakini hilo ndilo tatizo langu la kila Jumamosi: gauni jeupe na suti nyeusi. Unapimia gauni, suti itajitegemea. Nikashusha mwanga kidogo, nyoya la uso likaonekana moja moja. Nilitoka na picha kama kumi na tano ambazo sitaona haya kumwonyesha mtu.

Kisha wakaja wakubwa. Ulisikia mabawa kabla hujawaona. Bata hawa ni weusi wenye mng'ao wa kijani, tumbo jeupe, mdomo na uso mwekundu, na kwenye kiungo cha bawa wana mwiba wa kweli wanaopigania. Ndio wakubwa kuliko bata wote wa Afrika. Dume akishiba anafika kilo sita na ushei. Walikuwa saba, wakatua jaruba la tano kwa vishindo, wakaanza kutembea juu ya miche kama watu waliokuja kukagua kiwanja.

"Huyo ndiye adui," shemeji akanong'ona. Anasema wapiga mluzi wanakula mbegu zilizomwagwa, na wanakula usiku, watoto wakiwa wamelala. Huyu mkubwa hata asipokula, unyayo wake peke yake ni hasara: mche ukikanyagwa ukazama kwenye tope haurudi. Akaniuliza nyama yake ikoje. Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya 2009, inataka leseni. Akasema anajua, alikuwa anauliza ladha. Basi nikamwambia jambo nililolisoma: Gambia wamekuta nyama ya bata huyu ina sumu, anayoipata kwa kula mbawakawa fulani wenye maji yanayobabua ngozi. Shemeji alinyamaza kidogo. "Huyo ni adui mpaka ndani ya sufuria," akasema.

Nilimwomba kitu kimoja: aondoe utepe wa jaruba la mwisho kwa asubuhi moja tu, ili bata waje karibu na matete ambapo ningejificha. Alifikiri. Miche ya pale ilikuwa ndiyo kwanza imewekwa.

"Picha zako zinakula mpunga wangu, shem."

Lakini akaufungua, akaukunja kwenye kijiti, akanipa mkononi. "Ukimaliza, wewe ndiye utakayeurudisha." Nikaahidi.

Siku ya nne, Jumanne: mvua

Mvua kutoka saa tisa usiku mpaka saa kumi jioni. Sikupiga kitu. Nilifuta lenzi, nikaiweka kwenye ndoo ya mchele mkavu, dada akatoa maoni kuhusu familia yetu na nafaka. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na chai.

Jioni anga likafunguka, la zambarau, na wapiga mluzi wakaanza kupita. Nilikimbia mpaka kwenye matete. Mwanga ulikuwa mdogo, nikaamua kucheza: nikashusha kasi ya shata hadi 1/60 ya sekunde, nikawa nawafuata kwa kamera wanavyopita ili mabawa yatoke kama moshi na vichwa vibaki. Mbili tatu zilitoka vizuri sana. Nilirudi nyumbani nikiimba. Kumbukeni hiyo 1/60.

Siku ya tano, Jumatano: mtumbwini

Shemeji alikuwa ameniunganisha na mzee mmoja mwenye mtumbwi mwaloni. Nilifika saa kumi na mbili, giza bado. Wavua dagaa walikuwa wanarudi na karabai zao, wanawake wanasubiri na beseni, mchanga umetandikwa nyavu za kuanikia.

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa bata?" Sifa zilikuwa zimenitangulia.

Tukakubaliana elfu kumi na tano mpaka saa nne. Masharti yake yalikuwa matatu: nisisimame, nisitie mkono majini hovyo, na akisema tunarudi, tunarudi. Kichocho kipo, mamba yupo, na kiboko, akasema, hana hodi. Kila tulipokaribia kona ya mafunjo aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, mara tatu, akasikiliza, ndipo akaendelea. Mimi nilikuwa nanyamaza kwa ajili ya bata, yeye anagonga kwa ajili ya roho zetu. Sikubishana naye.

Jua lilipotokeza tulikuwa karibu na maji ya Simiyu yanapoingia ghubani. Baada ya mvua ya jana mto ulikuwa umeleta tope, na ulikuwapo mstari dhahiri, maji ya chai ya maziwa upande huu, maji ya ziwa upande ule. Kwenye mstari huo walikuwapo bata wadogo wa kijivu kama arobaini, wamebanana, wengi vichwa vimefichwa mgongoni. Niliwatambua kwa dume mmoja aliyeinua kichwa: utepe mweupe mpana kutoka juu ya jicho mpaka shingoni, kama nyusi iliyopitiliza. Hawa si wenyeji. Wanazaliana Ulaya na Asia, baridi ikianza wanavuka Sahara kuja kwetu, na Machi au Aprili wanarudi. Madume mengine yalikuwa na nyusi nusu, ya madoadoa, kwa sababu wanakuja huku wamevaa manyoya ya hovyo kama majike na kubadilisha polepole kabla ya kurudi kuoana. Kwa lugha ya kazini kwangu, bwana harusi bado yuko kwa fundi.

Walikuwa mbali. Mzee alisema tusiwasumbue, waliotoka mbali hivyo waache walale. Nilimpenda kwa hilo.

Akanisimulia akipiga kasia kwamba kuna wakati wa mwaka bata wengine hawaruki kabisa, wanajificha kwenye matete, na enzi za ujana wake vijana walikuwa wanawashika kwa mikono. Si hadithi ya vijiweni. Bata hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa mara moja, tofauti na ndege wengi wanaobadilisha moja moja, na kwa wiki kadhaa anakuwa mtembea kwa miguu.

Kisha tukapita mfereji mwembamba ndani ya mafunjo na kutokea kwenye kidimbwi chenye ukubwa kama wa kiwanja cha mpira, maji yamelala, mayungiyungi yamefunika robo tatu yake, maua ndiyo yanafunguka. Ndege mwenye vidole virefu alikuwa anatembea juu ya majani kama anapita kwenye zulia. Mzee akaacha kupiga kasia. Mtumbwi ukateleza wenyewe. Akaninong'oneza, kwa kidevu, bila kuinua mkono: "Pale. Chini ya ua lile la tatu."

Nikaona ua. Nikaona majani. Kisha jani moja likageuka kichwa.

Dume. Mita saba, labda sita. Uso mweupe safi, doa la kijani limezungushiwa mstari mweusi, mdomo wa manjano, ubavu wa rangi ya kutu. Alikuwa amelivuta tunda la yungiyungi chini ya maji, analichana, mbegu zimemganda kwenye mdomo. Tone lilikuwa linaning'inia kwenye kidevu chake na ndani ya tone mlikuwa na jua. Nikaulaza mfuko wa maharage ukingoni, nikashusha pumzi, nikabonyeza. Akageuka, nikabonyeza. Jike akatokea nyuma yake, kahawia zaidi, na mstari mweusi jichoni. Wakapita mbele ya ua, wawili pamoja. Nikabonyeza mpaka kadi ikaanza kusuasua. Dakika nne nzima. Kisha wakaruka chini chini juu ya maji, mabawa meusi yenye baka jeupe, wakapotea nyuma ya mafunjo.

Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikafungua skrini kumwonyesha mzee.

Picha themanini na sita. Zote ukungu. Ua limetoka, jani limetoka, bata ni mchirizi. Nikatazama juu ya kamera: 1/60. Sikuwa nimeirudisha tangu jana jioni. Alfajiri, kwa mwanga ule mdogo, picha zilikuwa zinaonekana zimejaa mwanga vizuri nikadhani mambo ni sawa. Miaka tisa ya kazi hii. Ningekuwa na msaidizi ambaye amefanya hivyo harusini ningemfukuza kabla keki haijakatwa.

Mzee aliinama, akaangalia moja kwa makini. "Umempiga moshi," akasema. Baada ya muda: "Lakini ni moshi wake kweli. Rangi ni zake."

Siku ya sita, Alhamisi: mara ya mwisho

Nilikuwa na harusi Ijumaa jioni, lazima niondoke. Nilimlipa mzee tena. Kabla ya kupanda mtumbwi niliweka 1/2000, nikaangalia, nikaangalia tena, nikabandika plasta juu ya kitufe.

Usiku upepo ulikuwa umegeuka. Tulipofika kwenye mfereji tukaukuta umezibwa na gugu maji, blanketi zima, limesukumwa kutoka ghubani. Gugu hili lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na tangu hapo linasafiri na upepo kama halina kwao. Kwa mvuvi linaziba mwalo na kunasa nyavu. Kwa bata wangu ni mbaya kwa namna nyingine: likifunika maji, mwanga haushuki, mayungiyungi yanakufa, na chakula chake kinakwisha. Mzee alisimama (yeye anaruhusiwa kusimama), akawa anachoma kasia na kusukuma, mimi navuta mizizi kwa mikono, ile sharti ya pili imesahaulika. Ilituchukua saa nzima kupita mahali ambapo jana tulipita kwa dakika tano. Tulipotokea ndani, jua lilikuwa limeshapanda.

Tukakaa. Saa mbili. Saa mbili na nusu. Mdiria alikuja akavua mara tatu mbele yetu kwa dharau. Saa tatu kasoro mzee akasema tunarudi, na sikujibu, na yeye hakulishika kasia. Ndipo wakaja, wakatua upande wa mbali, mita arobaini, dhidi ya jua. Dume akaogelea sawasawa kuja kwetu, akafika kwenye mita kumi na tano, akaona kitu asichokipenda, akageuza. Nilipata sekunde mbili.

Picha iko hivi: dume amegeuza mgongo, jani la yungiyungi limemkata nusu, lakini amegeuza kichwa kutazama nyuma, doa la kijani lote linaonekana, jicho lina nukta ya mwanga, na kila nyoya la shavu unaweza kulihesabu. Mzee akaitazama kwa muda mrefu.

"Mbona amekupa mgongo?"

"Ndivyo alivyotaka mwenyewe, mzee."

Akacheka, kisha akaweka kasia wima kando yake, akanyoosha kola ya shati, akatazama mbele. Nikaelewa. Nikampiga picha tatu, katika mwanga mkali wa saa tatu, na ni picha nzuri kuliko zote za safari hii. Nimeahidi kumletea iliyosafishwa, kubwa, ya kuning'iniza ukutani.

Nyumbani nilikuta mfuko wa kitenge umekunjwa juu ya kiti, mtupu, na maharage ya nazi mezani. Dada hakusema neno. Yalikuwa matamu.

Saa kumi nilikuwa ndani ya Noah, tumeshapita Kisesa, naikuza ile picha ya mgongo kwenye skrini kwa mara ya ishirini, simu ikatetemeka. Shemeji.

"Shem, ule utepe umeuacha kwenye kijiti hapa uani. Wageni wako walilala jaruba la chini jana usiku. Miche nayo imelala. Jumapili njoo, kuinama unajua."